Bila Sababu

Katika chumba kile cha ushonaji, mkasi mkubwa ulikuwa na heshima kuliko tajiri mwenyewe. Tajiri ungeweza kumtania akacheka, ungeweza hata kukalia kiti chake akiwa ametoka, na dunia isipasuke. Lakini mkasi ule wa mpini mweusi, uliolala juu ya meza ya kukatia kama paka mwenye nyumba, haukuguswa na mtu ila mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mabega yameinama kwa miaka ishirini ya meza ile ile. Wote walimwita Bi Mkasi, hata wateja.

Alikuwa na sauti, hilo halikufichika. Chumba kilikuwa juu ya duka la dawa, na wauza dawa walisema kwamba Bi Mkasi akianza kufoka huko juu, chupa zao hucheza kwenye rafu. Lakini hasira yake ilikuwa moto wa karatasi: uliwaka, ukaruka, ukaisha. Asubuhi angekufokea kwa sababu ya pini iliyoanguka sakafuni, mchana akakumegea nusu ya mkate wake na kukuuliza kama mtoto amelala vizuri.

Aliyeulizwa habari za mtoto mara nyingi ni mshonaji wa mashine iliyopakana na meza ya kukatia. Huyu walimwita Mtungi. Jina alipewa na mpiga pasi, mwanamume mcheshi mwenye watoto wanne na methali za kutosha watoto kumi. "Huyu," alisema, "muweke juani tangu asubuhi mpaka jioni, ukimchota ni maji baridi tu."

Upole wa Mtungi haukuwa wa kuigiza, angalau mwanzoni. Alikulia katika nyumba ambamo sahani ziliruka. Baba yake akiingia na uso wake ule, watoto walihesabu vyombo. Kwa hiyo alipookoka, na hasa alipojifungua binti yake, alimwahidi Mungu kitu kimoja: mtoto huyu hatasikia mama yake akipandisha sauti. Katika darasa la Biblia la Jumatano walifundishwa kwamba jibu la upole huzima hasira, na Mtungi alilishika fundisho hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Mtu akimfokea, alishusha macho, akatabasamu kidogo, akasema, "Mungu akubariki." Basi. Wengi walinyamaza wenyewe kwa aibu.

Jambo moja zaidi lijulikane. Mtungi alipokwenda kujifungua, tajiri alitaka kuajiri mwingine, maana kazi ilikuwa nyingi. Bi Mkasi ndiye aliyegonga meza. "Mashine hii haikaliwi na mtu. Mwanangu atarudi." Akaifunika kwa kitambaa miezi mitatu, na akikuta mtu ameweka mkoba wake juu yake, wauza dawa walijua.

*

Alhamisi moja, wakati wa chakula, Bi Mkasi alitoka kununua chaki za kuchorea vitambaa. Mtungi alibaki na daftari lake la masomo ya jioni. Mwalimu alikuwa amesema asiyefunika daftari asiingie darasani, na alikuwa na karatasi ya kaki, nene, nzuri, ila hakuwa na cha kukatia. Kimkasi chake cha nyuzi kiliitafuna tu pembeni. Akautazama mkasi mkubwa. Akatazama mlango. Kidogo tu, alijiambia. Mara mbili tatu.

Asiyejua ushonaji ataona ni jambo dogo. Lakini karatasi humaliza makali ya mkasi wa nguo. Fundi huambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajajua kutunga uzi kwenye sindano. Mtungi alijua. Aliukata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaufuta mkasi kwa kanga yake, akaurudisha ulivyokuwa umelala.

Alasiri Bi Mkasi alipotandaza kitambaa cha satini na kuingiza mkasi, ulitafuna badala ya kukata. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale makali mawili yalipokutana palikuwa na vumbi la rangi ya kahawia.

"Nani amekatia karatasi mkasi wangu?"

Mpiga pasi akaangalia pasi yake kana kwamba inataka kusema kitu.

Bi Mkasi akaangalia kushoto, akaliona daftari jipya lililofunikwa vizuri, kona zimekunjwa kwa ustadi. "Wewe? Wewe, mwanangu? Ningekutana na mgeni amefanya hivi ningesema hajui. Wewe niliyekufundisha mimi mwenyewe! Mkasi huu nimeupeleka kunolewa wiki iliyopita tu, na mnoaji hayupo mpaka mwezi ujao! Una akili kweli?"

Sauti ilishuka ngazi mpaka dukani. Mtungi akahisi joto likipanda shingoni. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi kuliko yote, na lilikuwa pale pale kwenye ulimi: pole, mama, nimekosa. Lakini wote walikuwa wakimtazama, na tajiri alikuwa amechungulia mlangoni. Akashusha macho. Akatabasamu kidogo.

"Mungu akubariki, mama."

"Anibariki nini! Nijibu! Sema hata pole!"

"Mungu akubariki."

Bi Mkasi akafoka zaidi, tena kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyeji wamo ndani. Mwishowe akachoka, akageukia satini yake. Tajiri akatikisa kichwa. Mpiga pasi akanong'ona, "Mtungi, wewe si mtu, wewe ni jiwe la mtoni." Na Mtungi, Mungu amsamehe, akafurahi.

*

Jumapili, katika ibada ya pili, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mtungi hakuwa amepanga. Mtoto alikuwa amelala kwenye bega la baba yake, na yeye akajikuta amesimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Wiki hii nilijaribiwa. Kazini kwangu kuna mama mmoja, mtu mzima kabisa, siwezi kumtaja. Alinifokea mbele ya watu, kwa maneno makali, bila sababu. Zamani ningemjibu. Lakini Bwana alinifunga kinywa, nikambariki."

"Amina! Amina!"

Yale maneno mawili, bila sababu, hayakuwa yametumwa na mtu. Yalichomoka yenyewe kama uzi kwenye pindo. Mtungi aliyasikia yakitoka, na kwa nukta moja alitaka kuyarudisha. Lakini makofi yalikwishapita juu yake. Mchungaji akasema, "Kanisa, mmemsikia dada yetu? Huo ndio ukomavu." Akina mama wawili walimkumbatia mlangoni. Alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevaa kiatu kipya: kizuri, ila kuna mahali kinabana.

Hakuwa amemtaja mtu, kweli. Lakini washirika wote walijua anakofanya kazi, na ni nani katika mtaa ule asiyejua sauti ya chumba kilicho juu ya duka la dawa? Tena Bi Mkasi alikuwa mshirika wa kanisa hilo hilo, wa ibada ya kwanza. Kabla jua halijazama jirani yake alikwisha kumfikishia, na jirani hakupunguza kitu.

*

Jumatatu Bi Mkasi hakufoka. Aliingia, akavua viatu vya barabarani, akavaa kandambili zake, akasema, "Naona mtakatifu wetu amefika mapema."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niombee."

Mpiga pasi akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

Siku hiyo kulikuwa na kazi kubwa. Muuguzi mmoja alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, akaleta mahameli ya rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya magauni sita ya wapambe. Alikuwa ameitafuta mji mzima, na hicho ndicho kilichokuwa kipande cha mwisho dukani. Mahameli si kitambaa cha haraka. Ina manyoya, ukiipapasa kuelekea chini inalala, ukiipapasa kuelekea juu inasimama. Vipande vyote vya gauni moja lazima vilale upande mmoja. Kimoja kikielekea juu na kingine chini, mezani utaona ni sawasawa, lakini mwanga ukivipiga, nusu ya gauni hukolea na nusu hufubaa, kama limeshonwa kwa vitambaa viwili.

Bi Mkasi ndiye aliyemfundisha Mtungi jambo hilo. "Mahameli haitazamwi, mwanangu, inapapaswa." Katika miaka ishirini hakuwahi kuikosea. Lakini Jumatatu ile alikata kwa mkasi butu, midomo imekazwa, na mara mbili Mtungi alimwona amesimama tu, ameshika chaki, anatazama ukuta. Alivikata vipande vya mbele vikiwa vimepangwa kimoja kimeangalia juu, kingine chini, ili kitambaa kitoshe. Kwa pamba hakuna tabu. Akavifunga kwa mafungu, akayasukuma upande wa mashine.

Mtungi akachukua fungu la kwanza. Akavilaza vipande viwili vya kifua pamoja, akapitisha kiganja. Cha kushoto kililala. Cha kulia kikasimama dhidi ya mkono wake kama nywele za mbwa aliyeshtuka.

Akainua uso. Akafungua mdomo.

"Unatazama nini?" Bi Mkasi akasema, sauti chini. "Unatafuta ushuhuda wa Jumapili ijayo?"

Mpiga pasi akacheka tena, safari hii kweli. Mtungi akafunga mdomo.

"Hapana, mama. Mungu akubariki."

Na akashona.

Alijiambia kwamba anatunza amani. Akisema, itakuwa makelele. Asiposema, kutakuwa na utulivu, na upole ni tunda la Roho. Alijiambia pengine mwanga hautaonyesha. Alijiambia yeye ni mshonaji, si mkataji. Lakini chini ya maneno hayo yote kulikuwa na sauti moja ndogo, kavu, ambayo hakutaka kuisikia, nayo ilisema: Acha aone.

Gauni moja Jumatatu. Mawili Jumanne. Mawili Jumatano, na Jumatano jioni alikwenda darasa la Biblia na kuimba. La sita Alhamisi asubuhi. Kila gauni lilikuwa na kifua chake, na kila kifua kilipita chini ya kiganja chake kabla ya kupita chini ya sindano. Mara sita.

*

Mahameli haipigwi pasi, hupewa mvuke tu. Mpiga pasi aliyapa mvuke magauni yote sita, akayatundika kwenye kamba mbele ya dirisha kubwa, akarudi nyuma kuyaangalia kama mtu aliyeyashona yeye.

"He!" akasema. "Mbona haya magauni yana sura mbili?"

Jua la mchana lilikuwa limeingia moja kwa moja. Magauni sita, na kila moja limegawanyika katikati: nusu damu ya mzee, nusu kama lililofuliwa mara mia. Na kama vile shetani alikuwa na saa mkononi, muuguzi akatokea ngazini, akihema, amekuja kuchukua nguo zake.

Hakulia pale pale. Alisogea, akashika pindo la gauni moja, akaliachia. "Harusi ni keshokutwa," akasema. "Kitambaa hiki hakipo tena." Kisha akageuka kwa tajiri, naye akafoka, na alikuwa na haki.

Bi Mkasi alikuja kutoka mezani. Akapitisha kiganja kwenye gauni la kwanza. La pili. Uso wake ukabadilika, kwanza ukawa wa mtu mzee sana, halafu akamgeukia Mtungi.

"Mimi nimekosea," akasema. "Mkono wangu umekosea, nakubali mbele ya wote. Lakini wewe! Wewe umevishika vipande hivi kimoja kimoja. Mkono wako hauna ganzi, niliufundisha mimi! Ulijua! Siku nne ulijua, ukanyamaza!"

Chumba kizima kikamtazama Mtungi. Na hapo, kama mguu unavyofuata njia uliyoizoea, alishusha macho, akatabasamu kidogo, akasema kwa sauti laini ambayo kila mtu aliisikia:

"Mama, mimi nimekusamehe. Mungu akubariki."

Tajiri akapiga meza. "Unaona, mama? Umeharibu kazi ya watu, na bado unamfokea mwenzako. Mtazame yeye, hata sauti hapandishi! Jifunze kwake!"

Bi Mkasi alitazama mmoja mmoja: tajiri, muuguzi, mpiga pasi aliyeinamisha kichwa. Kisha akavua aproni. Akavunja vunja chaki iliyobaki mfukoni, akaiacha mezani, akauviringisha mkasi wake kwenye kitambaa. Akavaa viatu vya barabarani. Hakufoka. Ngazini zilisikika hatua zake tu, na chini, dukani, hakuna chupa iliyocheza.

Muuguzi aliyachukua magauni, maana hakuwa na la kufanya. Wasichana sita waliyavaa Jumamosi ile, na picha zao zipo mpaka leo, na katika kila picha iliyopigwa juani kila msichana ana nusu mbili.

*

Jioni hiyo ya Alhamisi mume wa Mtungi, fundi wa majokofu, alirudi na njaa akakuta jiko limezimika na mtoto analia. Alikuwa mtu mpole naye, lakini siku ilikuwa imemtafuna.

"Sasa hata uji wa mtoto haupo? Tangu ufike unafanya nini?"

"Mungu akubariki," akajibu Mtungi, macho chini.

Mumewe akaweka mkoba wa vifaa sakafuni. Akamnyanyua mtoto.

"Mama watoto, naomba usinibariki hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo. Unanibariki kama mtu anayefunga mlango. Mimi nikikosea kusema, niambie nimekosea. Ukiwa umechoka, sema nimechoka. Nikikasirika nataka nijibiwe na mke wangu, si na... sijui. Na ukuta wenye tabasamu."

Alisema bila ubaya, akaenda kukoroga uji mwenyewe. Lakini Mtungi alikaa pale kwenye kiti cha chini, kanga imemdondoka begani, akaona yote kwa mara moja, kama jua lilipoingia dirishani. Aliona kwamba fundisho lilisema jibu la upole, na yeye hakuwa amejibu mtu hata siku moja. Alikuwa akijilinganisha na Bwana aliyenyamaza mbele ya washitaki wake. Lakini yule alinyamaza akiwa hana kosa. Yeye alinyamaza ili kosa lake lisionekane, na kosa la mwenzake lionekane vizuri zaidi. Baba yake alirusha sahani. Yeye alikuwa amepata njia ya kurusha bila kuinua mkono.

Mumewe aliporudi na kikombe akamkuta analia. "Basi, basi," akasema, amechanganyikiwa. "Ni uji tu."

"Si uji," akasema. Akamwambia, kuanzia karatasi ya kaki.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa?"

"Sijui."

"Unajua," akasema kwa upole. "Unaogopa tu."

*

Ijumaa alimwambia tajiri. Tajiri alimfokea kwa haki, mlango wazi, na Mtungi safari hii hakutabasamu. "Ndiyo, niliona tangu gauni la kwanza," alisema. "Na mkasi ni mimi niliyeuharibu. Alikuwa na sababu." Tajiri akakaa kitini. "Bora ungekuwa unafoka kama yeye," akasema. Akatuma mtu kumwita Bi Mkasi arudi kazini. Jibu lilikuja kabla ya saa sita: anashukuru, hatarudi.

Jumamosi Mtungi alikwenda mwenyewe. Bi Mkasi alikaa peke yake katika chumba kimoja na ukumbi mdogo, nyuma ya karakana ya mafundi seremala. Meza ya kulia chakula alikuwa ameisogeza ukutani, na juu yake amekwisha kutandaza vitambaa vya sare za shule, vya khaki. Alifungua mlango, akaona ni nani.

"Karibu, dada."

Hilo dada lilimpiga Mtungi kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiti hicho hapo. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Mungu ambariki." Akatabasamu kidogo, macho chini, akaendelea kuchora kwa chaki.

Hakukuwa na moto katika chumba kile, wala baridi. Hakukuwa na kitu. Mtungi akajua sasa ilivyo kusimama upande ule mwingine wa mlango. Angependa afokewe. Angelipia afokewe.

"Mama, nimekuja kusema."

"Hakuna haja. Mimi nimekwisha kusamehe."

"Hujasamehe, mama. Na usinisamehe kabla hujasikia." Hakukikalia kiti. "Nilikata karatasi kwa mkasi wako nikijua. Ulikuwa na sababu ya kunifokea. Nikasimama kanisani nikasema huna. Nilisema uongo mbele ya Mungu na watu. Na yale mahameli..."

Chaki ikasimama.

"Uliona?"

"Niliona."

"Siku gani?"

"Jumatatu. Kipande cha kwanza."

"Ukashona sita!"

"Nikashona sita."

Ndipo ilipokuja. Bi Mkasi akaitupa chaki, akasimama, na mafundi seremala huko nje wakaacha kupiga misumari. Alisema juu ya miaka ishirini. Alisema juu ya miezi mitatu aliyoifunika mashine ile na kugombana na tajiri kila wiki kwa ajili ya mtu ambaye hata pole hakuweza kumpa. Alisema jinsi washirika wenzake wa ibada ya kwanza walivyomsimamisha njiani wiki ile nzima kwa huruma, wakimwambia Mungu anaweza kubadilisha hasira yake. "Mimi! Wananiombea mimi! Nimekuwa pepo la kanisa kwa ajili ya daftari lako!" Sauti ilipasuka. "Na wewe unatabasamu! Unanibariki! Ungenitukana nisingeumia hivi!"

Mtungi hakushusha macho. Lilikuwa jambo gumu kuliko kunyamaza kote alikowahi kunyamaza. Kila kitu ndani yake kilitaka kujikunja, kilitaka lile tabasamu. Akasubiri mpaka nafasi ilipopatikana, akajibu:

"Ni kweli, mama."

"Nini ni kweli?"

"Yote. Nimekosa. Pole, mama. Pole ya Alhamisi ile, na ya Jumapili, na ya siku zote nne."

Bi Mkasi alisimama akihema. Akaangalia dirisha. Kisha akakaa kitako polepole, mkono juu ya vitambaa.

"Sitarudi kule."

"Najua."

"Si kwa hasira. Hasira yangu unaijua, haikai. Ila siwezi tena kukata kitambaa huku mtu ananitazama mgongoni. Nitakuwa najiuliza kama ameona kitu akanyamaza." Akaiokota chaki. "Imani hiyo umeniondolea, na sijui kama una namna ya kuirudisha."

"Sina, mama."

"Basi nenda. Usiseme Mungu anibariki."

"Sisemi."

Nje mafundi seremala walijifanya wanapima mbao.

*

Jumapili mchungaji alipouliza ushuhuda, Mtungi alisimama tena. Alikuwa amemwambia mchungaji mapema, na mchungaji alikuwa amekuna kidevu akasema, "Dada, mambo haya si bora muyamalize wawili?" Akamjibu kwamba wawili hawakuwa wameyaanza peke yao, kanisa zima lilipiga makofi.

Alisema kwa kifupi. Kwamba wiki iliyopita alisema alifokewa bila sababu, na sababu ilikuwepo, na ilikuwa yake. Kwamba aliona kosa la mwenzake akalishona mara sita badala ya kulisema. Kwamba mama huyo alimlea katika kazi, na kama kuna aliyemwombea mama huyo abadilike, amwombee yeye badala yake. Kisha akakaa.

Hakuna aliyesema amina. Mtu mmoja alikohoa. Mmoja wa wale akina mama waliomkumbatia akajishughulisha na pochi yake. Mumewe akamkabidhi mtoto, na mtoto, ambaye hakujua lolote, akamshika pua.

Jumatatu meza ya kukatia ilikuwa tupu. Tajiri alisema mkataji mpya atakuja wiki ijayo. Mtungi alishona mapindo ya mapazia siku nzima. Saa kumi hivi mpiga pasi aliingia kutoka kupeleka nguo kwa mteja, akafuta jasho.

"Nimepita kwa bibi yetu," akasema.

Mashine ikasimama.

"Amekwisha kupata habari za jana. Jirani yake yule yule. Nikamuuliza, una ujumbe wowote kwa Mtungi? Akasema: mwambie nimesikia."

"Nimesikia?"

"Nimesikia. Basi. Akaendelea kukata."

Mtungi akakitazama kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, akakinyoosha, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Alisema kwa sauti gani?"

Mpiga pasi akafikiri. "Yake ile. Seremala mmoja akaniuliza kama tunagombana."

Mtungi akainama. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya pazia la mtu, na hakuyaficha. Mpiga pasi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, akawasha pasi yake bila neno na kumpa mgongo, ili alie.